Msimu Aliorudi Masunga

Jumapili, 2 Juni 1996

Shajara hii ni ya mwaka jana. Kaka Masunga ameniletea kutoka Dar es Salaam, ni ya benki fulani, na ndani haijaandikwa hata mstari mmoja. Siku zake haziendani na za mwaka huu, kwa hiyo nitakuwa nakata jina la siku na kuandika la kweli. Nilimshukuru nikiwa naangalia miguu yake. Maneno hunitoka kwa shida, hata mbele ya watu wa nyumbani, nadhani ndiyo sababu akanichagulia zawadi hii.

Amefika juzi bila taarifa. Anasema wanafunzi wamegoma na chuo kimefungwa mpaka watakapoitwa. Baba alisema, "Mwaka ule kabla hujaingia si walifunga pia?" Kaka akajibu ndiyo. Baba akasema basi vizuri, tumepata mikono miwili zaidi shambani. Mayu, mama yetu, akachinja kuku.

Jumatatu, 3 Juni

Shule. Jioni pamba. Vidole vinauma.

Jumamosi, 8 Juni

Leo tumechambua pamba tuliyovuna wiki nzima. Baba anataka ichambuliwe kama enzi za chama cha msingi cha ushirika: pamba safi kwenye gunia lake, fifi, ile ya njano na yenye majani, kwenye lake. Mwaka huu chama hakina fedha na wanunuzi binafsi wamefungua magulio yao mpaka njia panda ya kwetu. Hao hununua zote kwa bei moja. Jirani zetu wameacha kuchambua. Baba Salu alipita na baiskeli akacheka, "Bujiku, unachagua pamba kama unachagua mchumba!"

Baba akamjibu, "Wewe si ulichagua gizani, tunaona."

Mayu alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Masunga hakucheka. Alikuwa anachambua haraka kuliko sisi sote, hainui uso.

Jumatano, 12 Juni

Mstarini mwalimu mkuu, Mwalimu Januarius, amemtaja tena kaka. "Bujiku Masunga alikaa madawati haya haya mnayoyachora." Humgeuza jina hivyo kila mara, hatumrekebishi. Kisha akaniangalia mimi na shule nzima ikageuka. Niko kidato cha nne na mwezi wa nane tunafanya mtihani wa majaribio, tunauita moko. Nilitamani niwe mfupi zaidi.

Nyumbani nilimwonyesha baba jaribio la Hesabu. Akaniuliza swali lake lile lile alilokuwa akimuuliza Masunga tangu darasa la kwanza: "Nyuma yako wako wangapi?"

Nikamwambia wote. Akasema, "Haya, kalete maji."

Jumapili, 16 Juni

Nimegundua jambo. Kaka amekuja na begi la nguo tu, hakuleta kitabu. Likizo zote zilizopita alikuja na vitabu na hakutaka aitwe wakati wa kula. Sasa anaamka kabla ya baba, anakwenda shambani, anarudi na magunia. Baba anamsifia kwa kila anayepita njiani. "Ana digrii huyo, na mgongo wa jembe anao."

Digrii bado hana. Yuko mwaka wa pili.

Alhamisi, 20 Juni

Upepo na vumbi. Tumefunga shule. Hakuna la kuandika.

Jumanne, 2 Julai

Mvua imenyesha! Mwezi wa saba! Pamba yetu safi ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja, tulikimbia na maturubai lakini nusu ikaloa. Mayu alisema hajaona mvua ya mwezi huu tangu aolewe. Baba alisimama katikati ya uwanja bila kofia, akiwa ameshika pamba mkononi, anaikamua.

Alhamisi, 4 Juni (nimekosea, ni Julai)

Pamba iliyoloa imekuwa ya njano. Yote sasa ni fifi. Ngeleja, karani wa gulio la wanunuzi binafsi pale njia panda, amepita na kumwambia baba asijali, kwake bei ni moja. Alidhani anampa pole. Alipoondoka baba akauliza, si kwa mtu, "Basi miaka yote nilikuwa nachambua nini?"

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada, Paschal, mtoto wa katekista, amenisimamisha nje ya kanisa. Anasoma chuo kimoja na kaka, amefika jana kwa likizo ya kawaida. Akaniambia, "Pole na mambo ya nyumbani. Mwambie Masunga kamati ya nidhamu inakaa tarehe ishirini Agosti, na lazima aende na mzazi. Asipotokea wanamfuta moja kwa moja."

Nikauliza, "Chuo si kimefungwa?"

Paschal alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. "Kabula, nilidhani mnajua. Alikamatwa na karatasi ya majibu kwenye mtihani."

Nyumbani nimekula vizuri. Nashangaa kwamba nimekula vizuri.

Jumatatu, 15 Julai

Naandika yote kabla sijayasahau yalivyosemwa.

Tulikuwa sisi wawili tu kwenye kipande cha mwisho cha pamba, kule karibu na mbuga. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu asubuhi, yakatoka mengine.

"Kaka, jana Paschal amenisalimia."

Aliendelea kuchuma.

"Anasema kamati inakaa tarehe ishirini Agosti."

Mkono wake ukabaki kwenye tumba. "Kamwambia nani mwingine?"

"Mimi tu. Alidhani tunajua."

Akakaa chini, pale pale kwenye mstari wa pamba. Nami nikakaa mstari wa pili, hivyo tukawa hatuonani vizuri. Ilikuwa rahisi zaidi.

"Ulikuwa hujasoma?" nikauliza.

"Nilikuwa nimesoma, Kabula. Hapo ndipo nashindwa kumweleza mtu. Kama ningekuwa mvivu ningesema mimi mvivu, yakaisha."

Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza alipata maksi ambazo hajawahi kuziona kwenye karatasi yenye jina lake. Mhadhiri hakumgombeza. "Hakujua hata sura yangu. Ukumbi mzima ule, kila mtu alikuwa wa kwanza shuleni kwao." Akatuandikia kwamba masomo yanakwenda vizuri. Baba akalisoma hilo kwa watu mnadani. Alipokuja likizo, watu waliokula lile dume la ng'ombe alilochinjiwa siku alipochaguliwa kwenda chuo walimsalimia kwa mikono miwili, wazee kabisa, yeye kijana.

"Nikawa watu wawili," alisema. "Mmoja wa huku, anaongoza. Mwingine wa kule, anahangaika. Mitihani sikuiogopa sana. Nilimwogopa huyu wa huku, kwamba siku moja atagundulika hayupo."

Nikamuuliza kuhusu karatasi. Akasema chumbani kwao wenzake walikuwa wanaandika kwenye mapaja na kwenye rula, wanasimuliana huku wanacheka, na mwaka mzima aliwadharau. Halafu akaandika yake, kwa herufi ndogo sana. Akajiambia ataiweka mfukoni na hataitoa. "Kuwa nayo tu kulinituliza. Nililala vizuri mara ya kwanza muhula ule."

"Halafu ukaitoa."

"Swali likaja ninalolijua. Ile kuandika kwa herufi ndogo ilinifanya nikariri kila kitu. Nikajibu lote. Nikamaliza. Halafu nikawaza, je, kama nimekosea? Nikaitoa nihakikishe. Mkono wa msimamizi ulipotua begani nilikuwa nimeshaona. Jibu langu lilikuwa sahihi."

Nilitaka nimkasirikie. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kumkasirikia. Badala yake nikakumbuka kwamba mimi, nikimaliza mtihani, huangalia kwanza kama Milembe wa darasani kwetu ameshamaliza, ndipo napumua.

"Baba utamwambia lini?"

"Baba simwambii."

Jumatano, 17 Julai

Shule imefunguliwa. Mpango wa kaka ni huu: Mjomba Shigela, mdogo wake mayu, atakwenda naye Dar es Salaam na kusema yeye ndiye Bujiku. Mjomba anauza mitumba minadani na amekubali, kwa sababu ana mizigo ya kufuata huko Kariakoo. Leo amekuja kufanya mazoezi nyuma ya zizi.

"Waheshimiwa," akasema mjomba, ameweka mkono kifuani, "mwanangu huyu nimemlea kwa fimbo na sala."

Masunga akasema, "Baba hawezi kusema hivyo."

"Angesemaje?"

"Angenyamaza."

"Sasa nauli yote hiyo niende kunyamaza?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Nikamvuta kaka pembeni nikamwambia kwamba hii ni karatasi nyingine tena ya mfukoni. Akasema, "Najua." Akasema hivyo kwa upole sana, na hakubadilisha kitu.

Jumamosi, 20 Julai

Kuchuma kumekwisha. Imebaki kuchambua na kuuza. Mayu ana mafua.

Jumatano, 24 Julai

Baba ameniuliza kama kaka ana mchumba huko Dar es Salaam, maana anaona hayuko sawa. Nikasema sijui. Ni mara ya kwanza namdanganya baba uso kwa uso, na hakuona tofauti yoyote.

Jumamosi, 27 Julai

Alasiri nilikwenda ghalani kuchukua kikapu. Baba alikuwa amefungua magunia mawili ya pamba, yaliyokuwa bado safi, na amechovya tawi la mwarobaini kwenye ndoo, ananyunyizia maji. Anafunika, anakanyaga, ananyunyizia tena. Pamba iliyoloa kidogo huongeza uzito. Kila mtu hapa anajua. Wengine huweka na mchanga. Baba alikuwa akiwaita watu hao wezi wa mchana.

Aliniona. Hakuacha.

"Kabula, lete ndoo nyingine."

Nikaleta.

"Mzani wa Ngeleja unakula kilo," akasema, huku anaangalia tawi. "Kila mtu anajua unakula. Mimi sichukui cha mtu. Narudisha changu."

Nilitoka nikakaa kwenye kinu cha mayu. Sauti ya baba ilikuwa ya kaka kabisa. Siyo maneno, sauti. Ya mtu anayemweleza mtu mwingine ambaye hajamuuliza.

Jumatatu, 29 Julai

Leo sikwenda shule, nilimsaidia baba kupeleka pamba gulioni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Masunga alibaki na mayu, aliyezidiwa na homa. Foleni ilikuwa ndefu. Ngeleja alikuwa na chuma chenye ncha, anatoboa kila gunia, anakivuta na kukigusa kwa ulimi kama mpishi. Baba Salu alikutwa na mchanga. Ngeleja akaumimina chini mbele za watu. "Mzee, umeniletea na shamba lenyewe?" Watu wakapiga makelele. Baba Salu alicheka pamoja nao, akafunga gunia lake, akarudi mwisho wa foleni kana kwamba ni jambo la kila siku.

Zamu yetu ikafika. Ngeleja akainua chuma, akamwona baba, akakishusha.

"Aa, Mzee Bujiku! Ya kwako ya nini kutoboa? Pitisha."

Yakapitishwa. Yote. Baba alipokea fedha na kuziweka mfukoni bila kuzihesabu. Njia nzima hakuwasemesha ng'ombe, na yeye huwasemesha kuliko anavyotusemesha sisi.

Jioni mayu aliweza kuketi, tukala wote ugali na mlenda uani. Masunga akauliza, "Baba, walifungua magunia?"

"Hawakufungua."

"Hata moja?"

"Nimesema hawakufungua. Anasema ya Bujiku hayatobolewi." Akasukuma sahani. "Bora angetoboa."

Hapo nikajua kwamba kaka naye aliona zile ndoo. Aliweka tonge chini.

"Mimi nilikamatwa, baba."

Baba akamtazama. "Ulikamatwa na pamba ya nani?"

"Si pamba. Ni chuoni. Chuo hakikufungwa. Niliingia na karatasi ya majibu kwenye mtihani."

Kisha mayu akasema, kwa sauti ya mafua, "Nilijua lipo. Mtu aliyefungiwa chuo hulalamika. Huyu tangu afike hajamlaumu hata waziri mmoja."

Baba akauliza, "Ulifeli?"

"Sikufeli. Niliiba."

"Wewe? Uibe majibu? Wewe uliyekuwa unawaacha wote nyuma?"

"Kule siachi mtu nyuma, baba. Kule niko katikati. Siku zote nimekuwa katikati."

Akamwambia na kamati, na tarehe, na mpango wa mjomba. Sikutegemea kwamba angesema la mjomba. Baba aliinuka, akaenda zizini, akasimama kati ya ng'ombe mpaka giza likamficha.

Jumanne, 30 Julai

Baba hajasema neno.

Jumatano, 31 Julai

Baba hajasema neno. Upepo tu.

Alhamisi, 1 Agosti

Amesema "funga mlango wa kuku." Alikuwa anamwambia Masunga. Mayu alinifinya.

Jumamosi, 3 Agosti

Asubuhi baba alirudi kwenye pamba iliyobaki na kuanza kuichambua, safi huku, fifi kule. Masunga akaenda kukaa upande wa pili wa lundo. Nilikuwa karibu, nasafisha taa ya chemli ambayo tayari ilikuwa safi.

Baba akasema, "Hii nitapeleka chama cha msingi. Watalipa watakapolipa."

"Sawa, baba."

Baba akajaza kikapu, kisha akasema: "Nilikuwa nakuuliza wako wangapi nyuma. Mbele sikuwahi kuuliza."

"Hapakuwa na mtu mbele wakati ule."

"Ndiyo. Ndiyo maana nikalizoea swali." Akaondoa jani kwenye pamba. "Shigela asiende. Kule watamuuliza mwaka uliozaliwa, atasema uongo mwingine, na tutashindwa kuumaliza. Nitakwenda mimi."

"Utawaambia nini?"

"Wewe utasema. Mimi nitakaa pale waone una baba."

Mjomba alipoambiwa alisikitika. Alikuwa ameshaazima koti.

Jumanne, 6 Agosti

Moko inaanza Jumatatu. Leo Salu wa jirani, tunayesoma naye darasa moja, ameniita nyuma ya choo cha wasichana na kunionyesha karatasi ya maswali ya Hesabu. Anasema imetoka mjini, imenunuliwa. Hawezi kuyatatua, kwa hiyo wanataka nitatue mimi, na malipo yangu ni kuyaona.

"Kabula, wote tunayo. Utakuwa mjinga peke yako?"

Nikasema sitaki.

"Unaogopa."

Nikasema ndiyo naogopa. Ilikuwa kweli, lakini Salu alidhani naogopa walimu. Ninaloogopa ni kuiona mara moja, halafu nisiweze tena kujua lipi nalijua. Sikuweza kumweleza hivyo. Pia lazima niandike ukweli: macho yangu yaliteleza, nikaona swali la tano lina mchoro wa duara. Sikusoma zaidi. Nimeondoka nakimbia kana kwamba mwizi ni mimi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekuwa naliwaza lile duara. Sijafungua sura ya duara kwenye kitabu. Nikiifungua, nitakuwa nimeanza.

Jumanne, 13 Agosti

Hesabu. Maswali yalikuwa yale yale. Swali la tano lilikuwa la duara, somo nililokuwa nimelisahau tangu Februari. Kulia kwangu Salu alikuwa anaandika kama anayenukuu. Muda ukabaki mwingi. Nilishika kalamu, nikaandika namba tano, sikuandika kingine. Nilikaa na ule weupe mbele yangu. Nilidhani utaniua. Kengele ikagonga, nikakabidhi.

Ijumaa, 16 Agosti

Baba na kaka wameondoka alfajiri, basi mpaka Shinyanga, kisha treni. Baba amevaa koti la mjomba. Mikono ya koti inafika vidoleni.

Jumapili, 25 Agosti

Wamerudi jana. Chuo kimemsimamisha kaka mwaka mmoja, kisha atarudia mwaka wa pili. Wengine waliokuja peke yao au na mashangazi wa kukodi, kaka anasema, wamefutwa. Baba anadai alinyamaza muda wote. Masunga anasema si kweli: mwishoni mwenyekiti alimuuliza kama ana neno, naye akasema, "Huyu ni wangu. Amekosa, na tuliomlea tulichangia. Nimemaliza."

Leo baada ya ibada watu walimzunguka baba kama kawaida. Baba Salu akauliza kwa sauti, "Vipi, chuo kimefunguliwa?"

Kaka alikuwa pembeni yangu.

"Chuo hakikufungwa," baba akasema. "Mwanangu aliingia na majibu mfukoni, akakamatwa. Mwaka huu yuko nyumbani. Mwakani anarudi."

Wengine walitazama chini. Mama mmoja akasema "pole." Baba Salu, ambaye hukosa neno mara chache sana, alisema, "Basi atatusaidia kupanda," akampa Masunga mkono. Mmoja, si miwili. Kaka aliupokea, na jioni akanisaidia sura ya duara. Amesahau kidogo. Tulitafuta majibu pamoja.

Jumatano, 4 Septemba

Mawingu, lakini hayana kitu.

Ijumaa, 6 Septemba

Matokeo ya moko yamebandikwa. Salu na wenzake wamekosa Hesabu karibu wote, kwa sababu aliyewatatulia alikosea na wote wakakosea sawasawa. Mwalimu Januarius alizisoma karatasi zao mstarini, moja baada ya nyingine, bila kuongeza maoni, mpaka shule ikaelewa. Mimi ni wa nne. Sijawahi kuwa wa nne.

Niliendesha baiskeli polepole. Baba alikuwa uani anachambua pamba ya mwisho. Nilisimama mbele yake.

"Moko imetoka," nikasema. "Nimekuwa wa nne."

Nilingoja lile swali. Niliona mdomo wake unaanza kuliuliza, ukasimama.

"Wa kwanza nani?"

"Milembe."

"Milembe wa nani?"

"Binti wa fundi cherehani wa sokoni."

Akatikisa kichwa, kama mtu anayepewa habari za mvua ya kijiji kingine. "Msalimie. Mwambie kwamba Baba Kabula anasema hongera."

Akarudi kwenye pamba yake.

Sijawahi kuongea na Milembe hata siku moja. Jumatatu itabidi.